Kijana wangu ameshagonga mara mbili: nimkatie bima vipi, nami nibaki salama?

Mama Pili
Wakuu, habarini. Naombeni ushauri, hasa mlio kwenye bima na sheria.

Nina kijana wa miaka 18, leseni aliipata mwaka jana. Tangu hapo ameshagonga mara mbili na ana faini ya mwendokasi. Gari ni langu, kadi ina jina langu. Bima inaisha mwezi ujao na kampuni imesema wazi: ama nilipe karibu mara mbili, ama aondolewe kwenye mkataba. Kumnyima gari kabisa ni vigumu, yeye ndiye humpeleka bibi yake hospitali nikiwa kazini.

Rafiki mmoja ananishauri nijiandike mimi dereva mkuu, mtoto asitajwe. Mwingine anasema nihamishe kadi iwe kwa jina lake ili akigonga mtu nisiguswe. Naogopa kudaiwa hadi nyumba. Zaidi ya hapo, naogopa mwanangu aue mtu au afe yeye.

Wakala Mstaafu
Dada, la kutomtaja liondoe kabisa. Bima inasimama juu ya kusema kweli. Ripoti ya polisi itaandika nani alikuwa kwenye usukani, na mpelelezi wa kampuni atauliza gari hushinda na nani. Wakigundua, gari lako halilipwi. Aliyegongwa huenda akalipwa, kwa sababu katika nchi nyingi sheria ya bima ya lazima inamlinda yeye, ila kampuni itakugeukia wewe ikudai ilichotoa.

Kumwondoa kwenye mkataba nako kunafaa tu kama kweli hatagusa gari. Bibi akizidiwa usiku, kijana atachukua funguo, na safari hiyo haina bima.

Mwandikishe. Kisha tafuta nafuu kwingine: gari la injini ndogo lisilo la bei kubwa, na ukubali kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara kwenye kila ajali. Soma hapo kwa makini, maana mikataba mingi humwongezea sehemu hiyo dereva kijana au mwenye leseni changa. Uliza pia kama wanapunguza ada kwa gari lenye kifaa cha kufuatilia mwendo, kinachorekodi kasi, breki za ghafla na saa za kuendesha. Na usikubali bei ya kampuni moja, zungukia nyingine.

Mdau wa Sheria
Naongezea upande wa kesi, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapojidanganya kwamba kadi ni kinga.

Kwanza, ukimtuma, safari ni yako. Mwaka 1972 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Morgans na Launchbury: mwenye gari hakuwajibika, kwa kuwa aliyeliendesha hakuwa kwenye shughuli ya mwenye gari. Sasa ligeuze kwako. Kijana anampeleka bibi hospitali kwa sababu wewe umemwomba. Kwa kipimo hicho, hiyo ni shughuli yako.

Pili, kumkabidhi gari mtu unayejua ni hatari kunaweza kuhesabiwa uzembe wako mwenyewe. Ajali mbili unazijua, faini unaijua. Ukimnunulia gari na kuliandika jina lake, wakili wa upande wa pili bado atauliza nani alilipa, nani alijua.

Tatu, sheria zinatofautiana. New York humwajibisha mwenye gari kwa kosa la dereva aliyemruhusu. California, mzazi anayesaini ombi la leseni la mtoto aliye chini ya miaka 18 hubeba dhima naye. Kaa na wakili wa unakoishi kabla ya kugusa kadi.

Kinachokulindia nyumba kuliko karatasi ya umiliki ni kikomo cha fidia kwa watu wengine. Tazama kampuni italipa hadi kiasi gani kwa majeruhi na kwa mali, kwa sababu kinachozidi hapo ndicho utakachodaiwa. Omba kipandishwe.

Nyota Njema
Mimi ningeuza gari. Apande basi mpaka akili itulie.

Baba Zuhura
Mama Pili, bima inalipa vilivyovunjika, hairudishi mtu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29.

New Zealand walianza mwaka 1987 leseni ya hatua kwa hatua: dereva mpya haendeshi usiku wa manane wala habebi abiria bila msimamizi garini mpaka apande daraja. Weka sheria hiyo nyumbani. Giza likiingia, funguo ni zako. Marafiki hawapandi. Simu inazimwa. Mrudishe pia kwa mwalimu wa udereva, maana ajali mbili zinaonyesha kuna jambo hajalijua.

Mama Pili
Asanteni sana, nimelia kidogo kusoma haya. Na akikataa kifaa?

Baba Zuhura
Basi hakuna funguo. Mwambie kwa upole, lakini usirudi nyuma.

Mama Pili
Nitamwandikisha, kikomo kipande, na kwenda hospitali na bibi tutatafuta dereva mwingine kwa sasa. Kesho naanza kuzungukia kampuni.

Wakala Mstaafu
Vizuri, dada. Beba barua ya madai ya ajali zote mbili, watakuuliza. Na jina lake lionekane kwenye hati ya bima yenyewe. Usiridhike na ahadi ya mdomo.