Kulanti inapungua taratibu na chini hakuna tone, niende nayo Iringa?

Kimara_Stopover

Wakuu habari za mchana, naomba msaada wa mawazo hasa kwa mafundi mliomo humu. Nina IST ya 2004, injini ni 1NZ, natoka nayo Kimara kwenda Kariakoo kila siku na foleni ya asubuhi mnaijua ilivyo. Shida ni kulanti, yale maji ya kupozea injini, kwenye kile kichupa cha akiba, inapungua kidogo kidogo. Nikijaza ikafika FULL, baada ya wiki kadhaa nikifungua boneti naikuta inakaribia LOW, naongeza, inarudi tena kulekule. Joto halijawahi kupanda, taa nyekundu haijawahi kuwaka, AC inapiga safi na pale ninapopaki sioni tone la rangi ya kulanti.

Fundi wa kwanza kaniambia gari zenye umri huu lazima zinywe maji kidogo nisijisumbue. Wa pili hata hajainama kuangalia, kaniambia niandae hela ya kufungua hedi, ile sehemu ya juu ya injini. Sasa hawa wawili wote hawawezi kuwa sahihi. Mwisho wa mwezi nampeleka mama Iringa, tutakuwa watu watano na mizigo, na mlima Kitonga lazima tuupande. Naomba kujua kupungua kwa kiasi gani ni kwa kawaida na kipi ni cha kuogopa, na vitu gani nikague mwenyewe kabla sijamkabidhi mtu gari.

Spana_Tabata

Mkuu umeuliza mapema, hongera, wengi wanakuja gereji gari ikiwa imevutwa na kamba.

Nianze na hili la kunywa maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, hauna pa kupeleka maji. Injini ikipata moto kulanti inatanuka inasukumwa kwenda kwenye kichupa, ikipoa inarudishwa ndani, ndo maana asubuhi unaikuta chini kidogo na ukitoka kwenye foleni unaikuta juu. Kwahiyo pima asubuhi tu gari ikiwa imelala, na kwenye sehemu tambarare, ukipima saa hii moto saa hii baridi utajichanganya mwenyewe. Ukiwa umetoka kubadilisha kulanti ni kawaida ishuke mara moja au mbili kwasababu hewa iliyobaki ndani inatoka, baada ya hapo inatulia. Gari nzima inaweza kushuka kama upana wa kidole kwa mwaka mzima, hiyo haina neno. Lakini kutoka FULL mpaka LOW kwa wiki chache na inajirudia, hiyo mkuu inavuja, haijalishi ina umri gani. Huyo fundi wa kwanza hakukusaidia.

Wa pili naye kaenda mbali bila kushika kitu. Hedi ni moja ya sababu na siyo ya kwanza kufikiria.

Kwanini huoni tone chini? Uvujaji mdogo unatoka injini ikiwa ya moto na mfumo una presha, tone likigusa chuma cha moto linakauka hapohapo linabaki doa. Na hapa kwetu Dar kuna kitu kingine kinachotuficha, unyevu wa hewa ni mwingi na AC inadondosha maji muda wote, kwahiyo chini ya gari panakuwa pamelowa kila siku na mtu ameshazoea, hata kulanti ikidondoka hatofautishi. Weka boksi chini usiku, maji ya AC hayana rangi wala harufu, kulanti ina rangi, inateleza ukiisugua kwa vidole na ina harufu tamutamu. Usiionje kabisa, ni sumu, na kama una watoto au mbwa nyumbani usiiache kwenye beseni.

Chukua tochi injini ikiwa ya baridi, tafuta alama kavu za pinki au nyeupe kama chokaa. Anzia rejeta pale plastiki ya juu inapobanwa na alumini, rejeta za umri huo plastiki inakauka inapata ufa mwembamba kama unywele. Kisha hozi ya juu na ya chini, zishike kwenye klipu, ikiwa imevimba au laini sana badilisha. Kisha wota pampu inayozungusha kulanti, kwenye 1NZ inazungushwa na feni belti upande wa kulia wa injini kwahiyo unaweza kuimulika bila kufungua kitu, ina kitundu kidogo chini ambacho kazi yake ni kutoa kulanti pale sili ya ndani inapoanza kufa. Ukiona mstari wa pinki umetiririka pale, pampu inakuaga.

Na mfuniko wa rejeta, watu wanaudharau huu kuliko vyote. Ule siyo kizibo tu, una springi inayoshikilia presha, angalia juu utaona 0.9 au 1.1. Mpira wake ukichoka presha inatoka mapema, kulanti inakimbilia kwenye kichupa inamwagika au inatoka kama mvuke ukiwa kwenye foleni, na gari ikipoa haivuti tena vizuri. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, na ununue wenye namba ileile, usichukue wa 1.1 ukaweka kwenye mfumo wa 0.9 eti ni imara zaidi, utapasua rejeta iliyochoka.

MamaNaila

Naongezea kaka Kimara, shika na kapeti ya upande wa abiria mbele, ingiza mkono chini kabisa. Ya kwangu ilikuwa inalowa pale na kila gereji wananiambia ni maji ya AC, kumbe rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi ndiyo inavuja. Dalili niliyokuwa naiona ni kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta kwa ndani, unafuta unarudi, na harufu tamu ukiwasha feni. Huku Dar hakuna anayewasha hita ndo maana hakuna anayeikumbuka, ila maji ya moto yanapita mle muda wote.

Jiwe_la_Mbagala

Mnamtisha bure jamaa. Dar hakuna baridi, kulanti ni ya Ulaya kwenye barafu. Atoe themostati aweke maji ya bomba aendelee na maisha, daladala ngapi zinatembea hivyo.

Spana_Tabata

Ndugu yangu Jiwe hapa naomba nikupinge kabisa kwasababu ushauri huu umeua injini nyingi mjini hapa.

Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Nyingine mbili ndizo zinatuhusu sisi. Inapandisha kiwango cha kuchemka, maji matupu hapa usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 100, mchanganyiko wa nusu kwa nusu unafika kama 107, na mfuniko mzima ukiongeza presha unapita 120. Na ina dawa ya kuzuia kutu, hedi ya 1NZ na bloku vyote ni alumini. Maji ya visima vyetu vingi huku pwani yana chumvi, ukiyamimina mle yanaanza kula alumini na kujaza chokaa kwenye vijia vya rejeta, na sili ya pampu nayo inakufa. Leo hujaona kitu, baada ya mwaka mmoja miwili unabadilisha rejeta, pampu na gasketi kwa pamoja.

Themostati ndiyo inayozuia kulanti isiende rejeta mpaka injini ipate moto, ukiitoa injini inatembea baridi hata ukiwa Mandela na jua la saa nane, kompyuta inadhani ndo kwanza imewaka inaongeza mafuta, unakunywa petroli na oili inachafuka haraka. Halafu gari ikichemka kweli ukiwa huna themostati utasemaje chanzo ni nini? Umeficha dalili tu. Kimara usitoe.

Kulanti ya pinki ya Toyota inakuja imeshachanganywa, usiiongeze maji. Ile ya kuchanganya mwenyewe tumia maji safi ya kuongezea betri (distilled water), siyo asidi, siyo ya bomba wala ya kisima.

Kimara_Stopover

Shukrani sana wakuu, kapeti kavu nimeshika. Kwenye wota pampu sioni alama. Kwenye rejeta juu upande wa dereva kuna kama unga wa pinki pale plastiki inapokutana na alumini ila sina uhakika kama ni ya zamani. Na hedi je, nitajuaje siyo yenyewe? Hilo ndo linaninyima usingizi.

Spana_Tabata

Huo unga usiufute bado, upige picha. Kisha ufute, utembee siku chache uangalie kama umerudi.

Hedi gasketi, ile pakingi kati ya hedi na bloku, ikianza kuvuja ina tabia zake. Asubuhi gari ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta, washa, angalia mdomoni. Mapovu machache mwanzoni siyo hoja, mapovu yanayokuja mfululizo bila kukoma ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Funika, baada ya dakika moja mbili minya hozi ya juu, ikiwa imekakamaa wakati injini haijapata moto hiyo presha siyo ya joto. Moshi mweupe kwenye ekzosti, wenzetu wa Njombe na Makete asubuhi wanauona kila siku ni mvuke tu wa baridi, ila Dar na joto letu moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto na una harufu tamu ni wa kutilia shaka. Gari ikiwaka asubuhi inatetemeka sekunde chache kisha inakaa sawa, fungua plagi, ukikuta moja imeoshwa nyeupe safi na tatu zina rangi ya kawaida basi silinda hiyo inakunywa kulanti. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa nayo ni dalili, ila oili kuwa safi haimaanishi hedi ni nzima, gasketi inaweza kuvujia silinda tu isiguse oili.

Ukitaka uhakika, waambie wafunge presha testa, kipimo cha presha chenye pampu, kwenye rejeta injini ikiwa baridi, wapampu mpaka namba ya mfuniko wako waache robo saa. Mshale ukishuka kuna tundu na utaliona linalia. Na kuna kile kimiminika cha bluu kinawekwa juu ya rejeta, kikigeuka njano kuna gesi ya ekzosti ndani. Gereji ambayo haina hivyo viwili isikwambie habari za kufungua hedi.

Kitu kimoja zaidi, gari yako ni otomatiki, oili ya gia inapozwa ndani ya tenki la chini la rejeta hiyohiyo. Ukiona siku moja kulanti imekuwa nzito ya pinki kama maziwa ya stroberi usiwashe tena gari, vimechanganyikana na gia boksi haivumilii maji.

Nyanda_za_Juu

Mimi napiga njia ya Mbeya miaka mingi, nikupe la barabarani. Gari inayopungua kwenye foleni ya Ubungo itapungua zaidi Kitonga, kule unapanda kwa gia ndogo nyuma ya malori, mzigo umejaa, upepo haupo kwasababu mwendo ni mdogo na injini inafanya kazi kubwa. Iringa yenyewe iko juu, mita 1,500 na zaidi, maji matupu yasiyo na presha kule yanachemka kama kwenye 95. Kwahiyo mfuniko uliochoka unaokuvumilia Dar kule hautakuvumilia.

Usitegemee taa peke yake. Kisoma joto kinafanya kazi kikiwa kimezama kwenye kulanti, ikishaisha kinabaki hewani na kinaweza kusoma joto dogo huku hedi inaungua. Nimeona watu wamefika Ruaha Mbuyuni geji iko chini kabisa wanashangilia, injini imekwisha.

Ikitokea imechemka zima AC, washa hita mpaka mwisho na feni yake, itawachoma ila inatoa joto kwenye injini, tafuta sehemu salama upaki uzime. Usifungue mfuniko, subiri hata nusu saa na zaidi mpaka hozi ishikike kwa mkono mtupu. Na usimwagie maji baridi injini ya moto, hedi ya alumini inapinda. Ila wewe usifike huko, tengeneza kabla ya kuondoka, na ukishatengeneza nenda nayo hata Chalinze urudi, ilale, asubuhi upime, ndo umpakie mama.

Kimara_Stopover

Wakuu mrejesho. Unga ulirudi palepale. Nimepata gereji huku Mbezi wana presha testa, walipopampu mshale ukawa unashuka taratibu na ule ufa ukaanza kutoa jasho mbele ya macho yangu, mfuniko nao wakaupima ukaachia kabla ya namba yake. Cha bluu kimebaki bluu. Pampu haina tatizo. Fundi mmoja pale anasema apake gundi ya moto kwenye plastiki, nibadilishe rejeta nikirudi kutoka Iringa. Mwasemaje?

Spana_Tabata

Hapana. Gundi kwenye plastiki iliyokauka inashika hapo ilipopakwa, ufa unaendelea pembeni, na utaendelea ukiwa Kitonga. Wala dawa ya kuziba usimimine, inaenda kuziba na rejeta ya hita. Rejeta nzima na mfuniko, mpya au yenye hali nzuri kutoka maduka ya spea ya Gerezani, ila ukichukua iliyotumika ipimwe presha kabla hujalipa, na mabomba ya oili ya gia wakifungua lazima usawa wa oili uangaliwe tena baada ya kufunga.

Wakati wa kujaza mimina polepole, hita iwe kwenye joto la mwisho, gari iache iwake mfuniko ukiwa wazi mpaka themostati ifunguke, utajua hozi ya chini ikianza kupata moto na feni ikaingia, minya hozi ya juu hewa itoke, ongeza, funga. Kesho yake asubuhi itakuwa imeshuka kidogo kwenye kichupa, ongeza hiyo moja kisha weka alama kwa wino pembeni ya kichupa na tarehe.

MamaNaila

Na ubebe lita mbili za kulanti ileile kwenye buti, siyo ya rangi nyingine utakayouziwa njiani. Msalimie mama.