Tovuti ndogo: seva yako mwenyewe au ya kukodi?

Pembe_Nne: Wadau, nina tovuti ndogo ya makala na picha, wasomaji si wengi. Kuna kompyuta ya zamani imekaa tu haina kazi. Niigeuze seva, yaani kompyuta ya kuwapelekea wasomaji kurasa, hapa nyumbani au niendelee kulipia ya kukodi kila mwezi? Naomba hoja, matusi sina haja nayo.

Kizibo: Weka nyumbani, mkuu. Seva ya kukodi ni kompyuta ya mtu mwingine, siku akikufungia unabaki kubembeleza. Weka Linux, weka Nginx ya kuwapa wageni kurasa, cheti cha kufanya mawasiliano yawe ya siri chukua Let's Encrypt bure, jioni moja kazi imeisha. Wengi wanaokodi hata hawajui seva ni nini, wanajua kubofya tu.

MamaSwichi: Mbofyaji mmojawapo ni mimi, na kazi hii nimeianza wewe bado unafundishwa kuwasha kompyuta. Kabla hujamwambia mtu "weka nyumbani", ulimuuliza kama ana IP ya umma, yaani anwani yake mwenyewe inayofikika kutoka nje? Watoa huduma wengi wanawarundika wateja nyuma ya anwani moja. Anwani za aina ya IPv4 zote ni kama bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Atafungua poti 80 na 443, yaani milango ya tovuti, kwenye ruta yake na hakuna mgeni atakayefika.

Kizibo: Dada, usimtishe mwenzio. Njia ipo. Unakodi kiseva kidogo huko nje, unaunganisha na nyumbani kwa WireGuard, njia ya siri ya mtandaoni, wageni wanapitia huko.

MamaSwichi: Yaani unakodi seva ili usikodi seva. Haya, nimekuelewa.

Mzee_wa_Logi: 😂😂 Kizibo, hapo kaa chini unywe maji.

Kizibo: Chekeni. Data yangu iko chini ya meza yangu. Mmesahau ule moto wa OVH, wakodishaji wa seva, kule Ufaransa, 2020 kama sikosei? Jengo zima la seva likateketea. Wabofyaji siku hiyo mlibofya nini?

Mzee_wa_Logi: Ni Machi 2021, Strasbourg. Jengo la SBG2 ndilo lililokwisha kabisa, na kipande cha SBG1. Waliolia ni wale ambao hawakuwa na nakala kwingine. Halafu meza yako wewe haishiki moto?

Kizibo: Nina RAID 1. Diski mbili, kila kitu kinaandikwa kote. Moja ikifa, nyingine ipo.

Bint_Kaskazi: Nilikuwa napita tu lakini hili siliachi. RAID SIO BAKAPU, yaani nakala ya akiba. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili sekunde hiyohiyo. GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu, mwisho wa Januari 2017: mhandisi kachoka, usiku, kafuta databesi kwenye seva ambayo siyo. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala na hakuna iliyowafaa kama walivyotarajia. Data ya kama saa sita ikaenda. Na hao ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Kizibo: Nani katamka bakapu? Rudi juu usome. Nimesema diski mbili.

Bint_Kaskazi: Umeulizwa meza ikiungua, ukajibu diski mbili. Zote ziko boksi moja, bwana mdogo.

Kizibo: Bwana mdogo ni nani? Unanijua?

Tundu_la_Ufunguo: Jamani, tovuti ya kwanza kabisa duniani ilikaa kwenye kompyuta ya NeXT ya Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya. Ya ofisini, ya kawaida. Kwa hiyo Kizibo hajakosea sana.

MamaSwichi: Na kompyuta hiyo ilibandikwa karatasi yenye wino mwekundu kwamba hii ni seva, msiizime. Nyumbani kwa Pembe_Nne karatasi hiyo nani ataiheshimu?

Mzee_wa_Logi: Pembe_Nne, ukiamua nyumbani, poti 22, mlango wa SSH wa kuingilia seva ukiwa mbali, usiiache wazi kwa nywila. Tumia funguo za SSH, yaani faili za siri badala ya nywila. Mimi niliiacha, kufungua logi, kumbukumbu za seva, nakuta majaribio ya kuingia kwa majina ya root, admin, test, oracle, halafu majina ya watu yanafuatana kwa alfabeti, mstari chini ya mstari. Hakuna anayekuchukia, ni maroboti yanajaribu kila mlango. Na pima kasi ya kupakia, siyo ya kupakua. Laini nyingi za nyumbani zinakupa kupakua kwingi na kupakia kiduchu, na picha zako kwa msomaji zinatoka kwa hiyo kiduchu.

Pembe_Nne: Asanteni. IP ya umma najuaje kama ninayo?

MamaSwichi: Ingia kwenye ruta, angalia anwani ya upande wa nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, umerundikwa. Ikiwa 10 au 192.168, vilevile. Nyingine yoyote, ilinganishe na ile inayoonekana na tovuti za nje. Zikifanana unayo, ila inaweza kubadilika ukizima ruta.

Kizibo: Bado nasubiri Bint aniombe radhi kwa hiyo "bwana mdogo".

Bint_Kaskazi: Nitaomba siku utakayotuambia nakala yako ya tatu iko wapi.

Kizibo: Ya tatu ya nini? Tovuti yenyewe ina kurasa kumi!

Tundu_la_Ufunguo: Swali dogo tu. Mtu akitumia ZFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, zile snapshoti zake za hali ya faili kwa wakati fulani, hizo ni bakapu au siyo?

Bint_Kaskazi: Usianze.

Kizibo: Ni bakapu.