Majani ya uzio wa maua, mbuzi wanaweza kula yote?

Mama wa Bagira: Wapendwa, mdogo wangu anatunza bustani ya bosi mmoja huko Muhumba. Kila akipunguza uzio ananijazia mifuko ya majani, bure kabisa, na mnajua kiangazi majani ya mbuzi yanavyopatikana kwa shida. Kuna hibiskusi, bugenvilia, na mti mwingine wenye maua ya pinki na majani marefu membamba. Huo mbuzi waliunusa wakauacha. Nikiyakausha majani yake, watayakubali?

Mfugaji wa Panzi: Mama, usiyakaushe, tafadhali! Shika tawi uangalie: majani yakitoka matatu matatu mahali pamoja, magumu kama ngozi, hiyo ni oleanda, ile laurier-rose. Sumu yake inashika moyo, na majani machache tu yanaua mbuzi. Yakikauka uchungu hupungua lakini sumu inabaki palepale, kwa hiyo mnyama aliyeyakataa mabichi anaweza kuyala makavu. Mwambie mdogo wako atenge mifuko hukohuko anapokata. Mimi mfuko uliochanganywa hauingii zizini kwangu, hata kiangazi kikiwa kikali namna gani. Aulize pia kama uzio ulipuliziwa dawa ya wadudu.

Hibiskusi wape bila woga. Bugenvilia nayo wanaila, ila miiba yake iangalie. Na kama kwenye hiyo parseli kuna miforosadi, omba matawi yake kwanza kabla ya kitu kingine chochote: ina protini nyingi na mbuzi wanaipenda sana.

Dada wa Kadutu: Lantana pia iogopeni, ile ya vimaua vya rangi mbilimbili na majani yanayokwaruza. Inaharibu ini, kisha jua linamchoma mnyama, masikio na pua vinababuka, hasa akiwa mweupe. Majani ya avoka nayo yanadhuru kiwele cha mbuzi anayenyonyesha.

Mama wa Bagira: Asanteni sana, mifuko yote ya jana nimeitoa zizini. Na majani ya mti wa lusina je? Iko nyingi kando ya barabara.

Mfugaji wa Panzi: Lusina ni nzuri, lakini isizidi theluthi ya chakula cha siku, ichanganye na matete. Ikizidi, kuna kitu ndani yake, mimosini, kinachoangusha manyoya. Sungura wape pungufu ya hapo.