Frankenstein ya kusikiliza: nilipie ya Dan Stevens au nichukue ya bure?

mkesha_wa_usiku
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuisikiliza Frankenstein ya Mary Shelley mwezi huu. Pesa ninayo, ila inatosha kitabu kimoja tu. Zimebaki tatu: ya Dan Stevens, yule mwigizaji wa Downton Abbey, ya Simon Vance, na zile za bure za LibriVox. Ipi ina sauti ya kutisha kweli? Naomba majibu kabla ya Ijumaa.

Fundi Spika
Mkuu, hujasema utasikilizia wapi. Kwenye basi, au kitandani taa zimezimwa? Bando lako likoje? Na Kiingereza cha miaka 200 iliyopita unakimudu kwa sikio tu, bila maandishi mbele yako?

BintiPangani
Na toleo je? Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza. Kitabu kilitoka Januari 1818 bila jina la mwandishi, nakala 500, juzuu tatu. Mwaka 1831 Mary akakifanyia marekebisho makubwa. Katika la 1818 Elizabeth, mchumba wa Victor Frankenstein (yule anayemuumba kiumbe), ni binamu yake, mtoto wa shangazi. Katika la 1831 ni yatima aliyechukuliwa kwa maskini huko Italia. Victor wa 1831 pia anasingizia sana majaliwa, na mimi hapo huwa ananiudhi.

Wauzaji wengi hawaandiki ni toleo gani. Angalia orodha ya sura. Zikianza upya kila juzuu (7, kisha 9, kisha 7), hilo ni la 1818. Zikienda mfululizo hadi 24, ni la 1831.

nyikani254
Kabla hujalipa, sikia yaliyonipata. Nilinunua kwenye programu moja, jina siliweki hapa. Picha ya jalada ilivutia na bei ilikuwa ya chini. Nikaanza vizuri, nikawa nasubiri ile sehemu ninayoipenda kuliko zote: kiumbe amejificha kwenye kibanda kilichogusana na nyumba ya akina De Lacey, anawachungulia kupitia ufa mwembamba msimu mzima wa baridi. Anajifunza kuongea kwa kuwasikiliza. Usiku anatoka kuwakatia kuni, asubuhi anawaona wakizishangaa mlangoni, na moyo wake unafurahi. Yote hayo msomaji aliyapitia kwa sentensi chache, tukaruka!

Barua za Kapteni Walton, nahodha anayekifungua kitabu, nazo hazikuwepo kabisa. Kwa hiyo tulipofika mwisho, kwenye barafu ya kaskazini, kukatokea nahodha ambaye hatujawahi kuambiwa ni nani. Na muda wote kinanda kinalia juu ya sauti ya msomaji mpaka maneno yanazama. Niliandika kudai pesa zangu, wakanijibu nimeshasikiliza zaidi ya nusu, hairudi.

Basi angalieni urefu. Kitabu kizima ni zaidi ya saa 8. Ukiona saa 3, hicho kimekatwa, hata kama msomaji ni malaika.

Fundi Spika
Pole sana kaka. Upande wa LibriVox hilo halikupati, wanasoma kitabu kizima. Ni watu wa kujitolea, na rekodi zao hazina mwenyewe, unapakua na kumgawia jirani. Faili za 64 kbps (kipimo cha ubora wa sauti), kwa saa 8 na nusu, ni kama MB 245. Za 128 ni mara mbili yake. Ila chukua iliyosomwa na mtu mmoja. Zile za kikundi, sura hii ni mama wa Uingereza, inayofuata ni kijana wa Marekani na feni inazunguka nyuma yake, na wote wawili ni Victor yuleyule.

Kahawa Chungu
Mnazunguka. Kaka ameuliza sauti ya kutisha. Mimi nataka kiumbe mwenye sauti nzito, ya kukwaruza. Akianza kuongea kama wakili mahakamani, mimi hofu inaniisha.

BintiPangani
Lakini ndivyo alivyo kitabuni! Huyu wa kunguruma ametoka kwenye filamu. Wa Mary Shelley ni msemaji hodari, tena Victor akiwa karibu kufa anamwonya Walton asidanganyike na maneno yake matamu. Mkumbuke mzee De Lacey, kipofu. Kiumbe anaingia, anakaa, anaongea naye, na mzee anampokea kwa upole kwa sababu anasikia sauti tu. Wenye macho wanaporudi, Agatha anazimia, Safie anakimbia, Felix anampiga kwa fimbo. Sisi wa kusikiliza tuko pale alipo mzee. Msomaji akinguruma, ameuharibu mtego wote.

Kahawa Chungu
Kiumbe mwenyewe anasema sauti yake inakwaruza. Soma tena.

BintiPangani
Anasema inakwaruza lakini haina kitu cha kutisha. Malizia sentensi, kaka yangu.

maabara_ya_nyumbani
Nje ya mada kidogo. Ile mitambo ya umeme na radi ni ya filamu ya 1931. Kitabuni Victor anakataa kabisa kumfunulia Walton siri yake. Tunapewa usiku wa Novemba, mvua kwenye vioo, mshumaa unaokaribia kuisha, na jicho la manjano linafumbuka. Ila umeme ulikuwa hewani zama hizo. Mwaka 1803 huko London, Giovanni Aldini aliupitisha kwenye maiti ya George Forster, aliyekuwa amenyongwa. Taya likatetemeka na jicho moja likafumbuka mbele ya watu. Nikisikiliza ile sura huwa nayawaza hayo, na hapo sihitaji sauti nzito wala muziki.

mkesha_wa_usiku
Asanteni sana. Nasikilizia kwenye simu, zamu ya usiku, sikio moja tu kwa sababu lingine ni la geti. Kiingereza cha magazeti nakimudu.

nyikani254
Sikio moja? Basi Vance. Yeye anasimulia kwa utulivu, ukikatizwa unarudi bila kupotea. Stevens anaigiza, anashuka mpaka mnong'ono, utampoteza gari likipiga honi getini.

Kahawa Chungu
Huo mnong'ono ndio utamu wenyewe. Stevens, na apunguze mwendo kidogo.

Fundi Spika
Aanze na ya bure, sura ya mzee De Lacey. Akiona sentensi zinamponyoka, pesa yake imepona.

maabara_ya_nyumbani
Kwani nani ataisoma kwa Kiswahili? Maandishi ya asili hayana tena hakimiliki. Tungepata tafsiri yetu wenyewe na mtu mwenye sauti ya tamthilia za redio, tungekesha.

BintiPangani
Mimi naweza kuanza na barua nne za Walton, toleo la 1818. Nani ana maikrofoni nzuri?

Fundi Spika
Ninayo. Tatizo ni chumba, bati likinyeshewa hakuna kurekodi. Uko mji gani dada?