Naomba ushauri: nampeleka mama Istanbul kwa mara ya kwanza

BintiTanga: Wakuu, habari za leo. Mwezi wa nne Mungu akijalia nampeleka mama Istanbul, siku nne, Jumapili hadi Jumatano. Hamu yake ya miaka ni kuswali msikiti wa Ayasofya na kuzuru kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari. Mimi nataka pia kasri la Topkapı na kupanda boti kwenye mlango-bahari wa Bosphorus. Mama ana shida ya magoti, vilima hawezi. Tufikie wapi na tupangeje asichoke?

MchuuziKkoo: Dada, mimi huwa nafuata mzigo Laleli, mitaa ile naijua. Fikieni mtaa wa Sultanahmet hata kama chumba ni ghali kidogo. Ayasofya, Msikiti wa Sultan Ahmed, Topkapı na lile birika la chini ya ardhi lenye nguzo 336, vyote viko jirani. Nunueni Istanbulkart mkifika, inatumika kwenye tramu, metro, basi na vivuko. Tramu ya T1 ndiyo mkombozi wa magoti ya mama. Mchunge siku: Topkapı hufungwa Jumanne, kasri la Dolmabahçe Jumatatu, na Soko Kuu Jumapili.

AbuSafari: Kuhusu Ayasofya nisikilize vizuri. Tangu Januari 2024 mtalii wa nje analipa euro 25 na anapelekwa roshani ya juu. Chini ni kwa wanaoswali, nao wana mlango wao, hawakati tiketi. Kwa hiyo mama aende kama muumini, ajitande vyema, afike kabla ya adhana.

Akiwa ndani aangalie mihrabu: haiko katikati. Jengo lilikamilika mwaka 537 likiwa kanisa, halikuelekezwa Makka, ndiyo maana safu za swala zinakwenda mshazari na kuta. Lilifanywa msikiti 1453, makumbusho 1935, na msikiti tena 2020. Wewe ukitaka kuona picha za vijiwe za Wabizanti, kata tiketi upande juu wakati mwingine.

MamaWawili: Mimi naona Topkapı na mama mwenye magoti mabovu ni kazi. Ni ua baada ya ua, kutembea tu. Mwende asubuhi, muingie moja kwa moja chumba cha masalia matukufu, lilipo joho la Mtume (S.A.W.) na Qur'ani inasomwa. Hapo atakaa na roho yake. Harem, yaani makazi ya wanawake wa sultani, muiache.

BintiTanga: Asanteni sana. Basi Topkapı Jumatatu. Na kwa Abu Ayyub tunafikaje bila teksi?

AbuSafari: Kituo cha Eminönü mpande tramu ya T5, inapita Eyüpsultan, lilipo kaburi, kando ya maji. Abu Ayyub ndiye sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina, akafariki jeshi la Waislamu likiuzingira mji huu. Ijumaa pale hapatoshi, Jumanne yenu ni nzuri.

MchuuziKkoo: Na boti za watalii za nini? Pandeni kivuko cha kawaida Eminönü kwenda Üsküdar, upande wa Asia, mnagonga kadi ileile, chai inauzwa ndani. Mkienda, kaeni upande wa kulia, mtaiona Topkapı yote juu ya rasi.

BintiTanga: Nimeelewa, Jumatano asubuhi hiyo. Dolmabahçe nimeifuta kabisa, Jumapili tukifika ni kupumzika na kuswali Alasiri Ayasofya.