Siku kumi Italia na mama mkwe anayeumwa magoti: tukodi gari au tupande treni?

MamaSalma

Wadau, naombeni ushauri kabla hakujachafuka humu ndani. Mwezi wa tisa tunakwenda Italia: Roma siku tatu, Florence tatu, vijiji vya Toscana mbili, Venice mbili. Tuko wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka sita, na mama mkwe. Magoti yanamsumbua, ngazi kumi tu anatafuta pa kukaa.

Mume wangu anataka tuchukue gari uwanja wa ndege wa Fiumicino, tulirudishe Venice. Hoja yake ni mama: mabegi kwenye buti, mama kiti cha mbele, mlango hadi mlango. Mimi moyo uko kwenye treni, ila nikiulizwa sababu sina zaidi ya kwamba kule wanaendesha upande wa kulia. Na dereva mwenyewe si mimi! Nikimwazia mama stesheni katikati ya mabegi manne, nanyamaza. Nani amewahi kuzunguka huko na mzazi?

Nahodha

Gari. Kila mkihama mji mnanunua tiketi nne, wakati gari moja linawabeba wote. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

Kobe Mzee

Nahodha, hesabu yako imeishia njiani. Weka na tozo ya autostrada, barabara kuu za kulipia (unachukua tiketi ukiingia, unalipa ukitoka kwa kilomita ulizotembea), mafuta, maegesho ya kila usiku, malipo ya kurudisha gari mji mwingine, na kiti cha mtoto. Italia mtoto asiyefika sentimita 150 lazima awe na kiti chake. Otomatiki nayo bei juu. Halafu siku sita za Roma na Florence gari limelala tu, linalipiwa.

Limelala kwa sababu ya ZTL, maeneo ya katikati ya mji yaliyofungwa kwa magari yasiyo na kibali. Mwanangu, sikia yaliyonipata. Nilikuwa nafuata ramani ya simu kwenda hotelini, mji mmoja wa Toscana, jioni, nimechoka. Mbele kuna kibao kimewaka: "varco attivo". Kiitaliano changu cha kuokoteza kikaniambia varco ni lango, attivo ni kazini. Nikasema alaa, lango liko kazini, basi karibu ndani. Kumbe kilicho kazini ni kamera, na hapo ndipo haparuhusiwi kupita! Hoteli sikuiona, nikazunguka, nikapita lango lilelile mara tatu, na kila kupita ni kosa lake. Hakuna aliyenisimamisha wala kunipigia filimbi. Nimesharudi nyumbani, nimesahau, naona kampuni ya kukodisha imekata pesa kwenye kadi yangu mara tatu. Nikadhani ndiyo faini. Wapi! Hiyo ilikuwa ada yao ya kunitaja jina kwa polisi wa mji. Faini zenyewe zilikuja kwa posta baadaye, bahasha tatu. Hoteli iliyo ndani ya ZTL inaweza kukuombea kibali, lakini lazima iwe na namba ya gari lako. Mimi sikumuuliza mtu.

Sasa tuje kwa mama. Roma Termini, Firenze (Florence) Santa Maria Novella na Venezia (Venice) Santa Lucia, zote tatu ni stesheni ambazo reli inaishia hapo. Treni inaingia kichwa mbele, na majukwaa yako usawa mmoja na ukumbi. Hakuna kushuka chini ya reli na kupanda ngazi upande wa pili. Zinabaki ngazi za mlango wa behewa, na kwa hizo kuna Sala Blu, huduma ya bure ya kusaidia abiria wenye shida ya kutembea. Mnaiomba mapema, wanakuja na kiti cha magurudumu na mashine ya kumpandisha. Roma hadi Florence ni kama saa moja na nusu. Kwa gari ni saa tatu hivi, goti limekunjwa. Nani kasema kiti cha mbele ni dawa ya goti? Kwenye treni anasimama, anajinyoosha, choo kipo.

Vijijini namuunga mkono mumeo. Pienza na San Gimignano treni haifiki. Montepulciano ina stesheni, ila iko mbali na mji wenyewe, ulio juu kilimani. Siku hizo mbili kodini, lakini gari mlichukulie uwanja wa ndege wa Florence. Tramu ya T2 inapita karibu na stesheni na kufika hadi pale, na mkilirudisha palepale hamkanyagi ZTL ya mjini. Abebe leseni ya kimataifa pamoja na ile ya kawaida. Na kwenye mafuta, "gasolio" ni dizeli. Jina hilo limeshaua injini za watu.

Tausi

Nyongeza kidogo. Tiketi za treni za kasi nunueni mapema, zinapanda bei siku zikikaribia. Ila zile za bei ya chini kabisa ukichelewa treni imekula kwako. Venice msishuke Mestre, hiyo iko bara. Ngojeni Santa Lucia. Ukitoka nje tu mfereji huo hapo, mpandishe mama vaporetto, boti ya abiria, maana madaraja yao ni ngazi tupu. Na mkisikia neno "sciopero", ni mgomo. Kwa kawaida hutangazwa kabla.

Nahodha

Mzee Kobe, ya kamera sikuijua, nimeshika adabu. Lakini mabegi bado hujayajibu.

Kobe Mzee

Kila mtu begi moja analoweza kuliinua mwenyewe. Asiyeweza, apunguze viatu.

MamaSalma

Shikamoo mzee Kobe. Nimeyasoma yote kwa sauti mezani. Mama mkwe kasikiliza hadi mwisho, kauliza kitu kimoja: "Hiyo treni kweli ina choo?" Kesi ikaisha. Miji mitatu kwa treni, vijijini kwa gari. Mume wangu kanuna kidogo, ila sasa hivi nimemkuta anaangalia picha za vibao vya ZTL. Anauliza: kikiandikwa "non attivo" tunapita?

Kobe Mzee

Marahaba mwanangu. Hapo mnapita. Mkiwa na shaka pakini nje ya kuta za mji mtembee polepole na mama: mistari myeupe ni bure, lakini someni kibao kama kuna kikomo cha saa, ya bluu mnalipa, ya njano ina wenyewe.