Nataka kupanda mkuyu shambani, jirani anasema naleta majini

Shambaboi_Moro: Wakuu habarini za jioni. Nina heka moja na nusu huku Morogoro, chini kuna kijito ambacho zamani kilikuwa na maji mwaka mzima ila siku hizi ikifika Septemba ni mawe matupu. Mikaratusi niliyoikuta nimeichoka, hata ndege hawatulii, sasa nataka mti wa asili na moyo wangu uko kwenye mkuyu. Jirani kanijia juu eti ni nyumba ya majini na mizizi itaniangushia nyumba. Ni kweli? Na mbegu napata wapi? Nawasilisha.

mama_kitalu: Mbegu achana nazo mkuu, ni kama vumbi. Tafuta mkuyu unaozaa vizuri, kata tawi nene kama mkono wako, mita moja na nusu hivi, liweke kivulini siku mbili tatu yale maziwa yakauke ndo ulichimbie, masika yakianza tu. Mimi la kwanza liliniozea sababu nilichomeka siku hiyohiyo linachuruzika, la pili mchwa wakala, la tatu ndo hili watoto wanabembea. Ila kwa mizizi jirani yako hajakosea, inafuata maji mpaka kwenye bomba na karo, upande mbali na nyumba, mita 20 kwenda mbele. Na uzungushie miba, mbuzi hawana adabu.

popo_wa_mchana: Hayo majini anayoyasikia usiku ni popo 😂 makuyu yakiiva wanagombana mpaka alfajiri, halafu asubuhi wanapokea ninga na hondohondo, na tumbili kama wapo hutawafukuza. Afu siku moja pasua kuyu linalokaribia kuiva uangalie ndani, kuna vinyigu vidogo kuliko sisimizi. Jike anajipenyeza kwenye katundu ka mbele mpaka mbawa zinakatika, anataga na kufia humohumo, watoto wake wa kike wakitoka wanabeba chavua kupeleka kuyu lingine. Bila hao hakuna mbegu kabisa. Misri mikuyu ipo tangu enzi za mafarao lakini kinyigu huyo hayupo, miaka yote watu wanaiendeleza kwa kuchomeka matawi kama alivyosema mama hapo juu.

Mzee_Kibao: Zakayo alipanda juu ya mkuyu kule Yeriko akashuka salama, jini hakuliona. Wewe panda hukohuko kijitoni, kwanza Sheria ya Mazingira ya 2004 ilishakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za mto, kwa hiyo hapo mahindi huna chako.

Shambaboi_Moro: Shukrani wakuu, mama_kitalu ubarikiwe. Kuna mmoja nimeuona kando ya barabara umejaa makuyu mpaka kwenye shina, kesho naongea na mwenyewe nikachukue tawi. Jirani nimemwambia ni popo tu, kanuna zaidi, kumbe ana mipapai.